Sukari: uraibu kweli, au njaa iliyopangiwa ratiba?

Wanaosema sukari inalevya kama dawa za kulevya hutegemea sana panya wa maabara ya Bart Hoebel, Chuo Kikuu cha Princeton. Panya hao walinyimwa chakula kwa saa 12, kisha wakaachiwa chakula na maji ya sukari kwa saa 12, siku baada ya siku. Wakaanza kufakamia. Walipopewa naloksoni, dawa inayozuia afyuni, waligonganisha meno na kutetemeka miguu ya mbele. Ni arosto kama ya mraibu wa afyuni aliyekatiwa dawa.

Wanaopinga wanaitazama hiyo ratiba. Panya walioachiwa sukari mchana na usiku hawakuonyesha uraibu wa namna hiyo. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013, DSM-5, nao uliutambua uraibu wa kamari lakini si wa chakula.

Kwa maoni yangu hoja hii ya pili ina uzito zaidi, ila isigeuzwe fimbo ya kuwachapia wanaoshindwa kujizuia. Utafiti wa mwanasayansi wa ubongo Kent Berridge umeonyesha kuwa dopamini, kemikali ya ubongo, huchochea hamu ya kula zaidi ya raha ya utamu wenyewe. Ndiyo maana mtu humaliza paketi ya biskuti ilhali utamu ulishamtoka kinywani zamani. Tena hamu hiyo hujifunza ishara: mlio wa kizibo cha soda tu unatosha kuiamsha, kabla hata ya tone moja kufika ulimini.

Sasa mtazame anayeruka kifungua kinywa na chakula cha mchana "ili aache sukari". Amejipangia ratiba ya wale panya. Jioni anafungua soda ya mililita 500 yenye takriban gramu 53 za sukari, wakati kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona bora zaidi ni kama gramu 25 kwa siku nzima.

Aanze na mlo, si kujinyima: mayai au maharage asubuhi, na chakula cha mchana kwa wakati wake. Akishazoea, apunguze nusu kijiko cha sukari kwenye chai kila wiki, ulimi upate muda wa kuzoea. Soda isikae kwenye friji ya nyumbani, maana ishara isiyoonekana haiamshi hamu.

Anayekula kwa kujificha hadi kuumwa tumbo, au anayejitapisha baada ya kula, asijaribu mpango huu peke yake. Huyo anahitaji daktari, na kumwambia ajikaze kutazidisha tatizo.