Pete ya chuma na kilo 12.5

Hapa Calgary, Kanada, nakaa meza moja na mwenzangu aliyevaa pete ya chuma kwenye kidole cha mwisho cha mkono anaoandikia. Kila akishika kalamu, inakwaruza meza. Wahandisi wa Kanada wanavishwa pete hizo tangu 1925, pamoja na kiapo cha kuiheshimu kazi yao. Yeye amesomea uhandisi wa programu. Mimi sina pete, na kazi tunafanya ile ile. Je, anayeandika programu za kompyuta awe na leseni kwanza? Jina lenyewe la "mhandisi wa programu" liligombaniwa hapa kwenye jimbo letu la Alberta mpaka mahakamani, na mwisho wa 2023 sheria ikabadilishwa, sasa unalitumia bila leseni.

Kwetu Kenya, Bunge lilipitisha mswada wa kuwasajili wataalamu wa TEHAMA na kuwapa leseni. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini Juni 2022. Nilifurahi, na ningefurahi tena leo.

Dada yangu alimpeleka mwanawe zahanati huko Mombasa, ana homa. Uzito wa mtoto kilo 12.5. Kompyuta haikuikubali nukta, ikasoma 125, ikatoa dozi ya paracetamol ya miligramu 1,875, mara kumi ya anayostahili. Nesi akaitazama karatasi, akamtazama mtoto, akaikata kwa kalamu. "Mama, dozi hii si ya mtoto huyu." Walioiuza programu ile, wote wana shahada, simu zao hazipatikani. Aliyeirekebisha, kwa jioni moja tu, ni kijana wa Majengo aliyejifunza mwenyewe kwa laptopu ya mtumba. Mswada kama ule ungemfungia mlango nani?

Lakini siwezi kusema basi, kila mtu ajifanyie. Therac-25, mashine ya mionzi iliyotengenezwa huku huku Kanada, iliwapiga wagonjwa 6 mionzi kupita kiasi kati ya 1985 na 1987, wengine wakafa. Programu yake iliandikwa na mtu mmoja, na hakuna mtu wa nje aliyeikagua. Pete zilikuwapo miaka sitini tayari.

Ninachotaka ni programu yoyote inayopima dawa, kuendesha breki au kuwasha mionzi isianze kazi kabla haijakaguliwa na mtu wa nje, na iwe na jina la mtu anayeijibia, msomi au asiye msomi. Anayetengeneza tovuti ya hoteli aachwe apate riziki yake.

Dada ananiambia kompyuta ya zahanati sasa inaikubali nukta, na ukiandika kilo 125 kwa mtoto wa miaka miwili inakuuliza tena. Jina la kijana wa Majengo halikuandikwa popote.