Vyuma vya Berlin na vyuma vya kwetu Lubumbashi

Bandugu, kuna jambo linanikaa ku roho tangu mwaka jana, acha nilitoe. Mi ni mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, papa alitumikaka Gécamines, kampuni ya migodi, nimekua nikiangalia ile sheminé na ule mlima mweusi wa terili, mabaki ya mgodi, kila asubui. Sasa niko Berlin, mu depo ya mizigo, na kuna mzee mmoja Mjerumani tunatumika naye, siku moja akanipa sahani ya muziki ya kikundi kinaitwa Einstürzende Neubauten, yaani majengo mapya yanayobomoka. Nikaweka. Bana! Nyundo, mabati, mashine ya kutoboa, na mutu anapiga makelele kama amefufuka leo. Nikasema huyu mzee ananitafutia nini.

Lakini nilirudia, juu ile sauti niliijua. Ni sauti ya vijana wanaopasua gari bovu kule Kenya (komini yetu, si ile nchi).

Walianza mwezi wa 4 mwaka 1980, Berlin ya Magaribi, vijana wa punk bila franga. Mmoja wao, Unruh, aliuza ngoma zake juu ya njaa, njo akaanza kupiga vyuma vya kuokota. Walirekodi hata ndani ya daraja la otorute, barabara kuu ya magari. Na mwezi wa 5 mwaka uleule paa la ukumbi mkubwa wa mji, Kongresshalle, likaanguka kweli, fikiria na jina lao lile! Kwetu wangeitwa wachawi siku hiyohiyo. 1984 baadhi yao walienda London, ukumbi wa ICA, wakaanza kuchimba jukwaa na mashine mpaka wenye ukumbi wakasimamisha.

Na hawakufa njaa. Njo hapo roho inaniuma. Tangu 2002 wapenzi wao wanawalipa moja kwa moja ku intaneti ndipo warekodi, na 2024 bado walitoa albamu, mwimbaji wao Blixa Bargeld akiwa na miaka 65 na bado akiimba giza lake. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwaka vijana watatu wanapiga jante (rimu za gari) na bidoni usiku, kitu kizito, cha kutisha kidogo, kizuri. Majirani wakasema wanaita pepo, pasta akaja kuombea parsele, kiwanja chetu, na jante zikauzwa kwa kilo. Basi.

Na usiniambie eti wazungu wana akili kupita sisi. Kikundi Konono N°1 cha Kinshasa walitengeneza maikro zao na sumaku za magari ya kufa tangu zamani, wameanza miaka ya 60, lakini dunia iliwajua 2004, na sahani ilitokea Brussels.

Kitu kingine. 2014 mji wa Diksmuide, kule Ubelgiji, uliwapa hawa Wajerumani kazi ya kutunga muziki wa kulilia vita ya 1914. Ubelgiji! Wale wale waliobebesha babu zetu mizigo mpaka Tabora 1916, mu vita ileile, na wengi hawakurudi. Nani alituagiza sisi tuwalilie hao babu zetu?

Kwetu wimbo wa uchungu haukubaliwi kubaki na uchungu wake, lazima mwishoni Mungu atende na watu wapige makofi. Hawa wanakuacha palepale mu giza, na mi nilipata raha ya ajabu, sijui nieleze namna gani.

Ila nao wana umaskini wao. Huku mutu akifiwa anachukua siku mbili, anarudi kazini, hakuna anayemuuliza. Kwetu mu kilio unaimba mpaka asubui na watu usiowajua, bidoni inapigwa, mama anaanguka chini, wanamuinua, na hakuna aliyelipa tiketi. Mi nimenunua tiketi hapa ili nisimame na watu mia tano wenye huzuni, kila mmoja anaangalia mbele, kimya.

Nilimtumia mdogo wangu video wakipiga vyuma. Akanijibu: «Yaya, ile shaba ao fer (chuma)? Wanauzaka kilo ngapi huko?»