Ukimpunja fundi, atajilipa kwenye spea

Asubuhi kabla hujawasha gari, fungua boneti uiminye hozi ya juu ya rejeta. Injini imelala usiku kucha, imepoa, kwa hiyo hozi inatakiwa ibonyee bila ubishi. Ya kwangu ilikuwa ngumu kama gogo. Nilikaa wiki mbili nikiiminya kila asubuhi huku najipa moyo kwamba labda Toyota Prado zote ziko hivyo.

Haziko hivyo. Hozi ikiwa ngumu na injini ni ya baridi, ujue kuna gesi ya mwako inayopenya kutoka kwenye silinda kuingia kwenye maji ya rejeta, na imejibana humo usiku mzima. Ama gasketi ya hedi, yaani ya kile kifuniko cha juu cha injini, imeungua, ama hedi yenyewe ina ufa. Na kama chini ya boneti yako kuna 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3 yenye tabo iliyofungwa kwenye Prado za miaka ya tisini, habari ya ufa si ya kusikiliza umesimama. Bloku yake ni chuma, hedi ni alumini. Ikichemka vibaya mara moja tu, nyufa huanzia kati ya vali na vali.

Yangu ilichemka kwenye mlima wa Kitonga. Ilikuwa Desemba, tunakwenda Iringa kwa wakwe, gari limejaa watoto na mizigo, na mbele yetu kuna semitrela linalopanda kwa mwendo wa kinyonga. Mshale wa joto ulitulia katikati tangu Ruaha Mbuyuni, ukatulia hata tulipoanza kona za mlima, halafu ghafla ukapanda kama umesukumwa na mtu. Mshale wa Toyota una tabia hiyo: hukaa palepale katikati joto likipanda kidogo kidogo, na siku unapoamua kusogea, mambo yameshaharibika. Tulisimama pembeni, mke wangu akashusha watoto, mimi nikafanya ujinga wa kila mtu, nikataka kufungua kifuniko cha rejeta. Bahati nzuri dereva wa lori alinipigia kelele kabla mvuke haujaugusa mkono wangu.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana hilo la Kitonga lilikuwa la gari.

Niliporudi Dar nilimwita fundi wa mtaani. Akasikiliza, akaminya hozi, akasema kufungua na kufunga hedi ni laki tatu na nusu. Nikacheka kicheko kile cha mnunuzi. Nikamzungusha, nikamwambia uchumi mgumu, nikamtajia jina la fundi mwingine, mpaka nikamshusha kwenye laki moja na nusu, spea ataleta yeye. Jioni ile nilijisifu nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi.

Hebu nipige hesabu ambayo siku ile sikuipiga. Kazi ya hedi kwenye 1KZ ni siku mbili mpaka tatu kama inafanywa sawasawa. Fundi ana vijana wawili wanaokula hapohapo gereji. Ana nauli, ana kodi ya eneo. Kwa laki na nusu anabakiwa na nini? Hakuna. Kwa hiyo akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye watoto angefanya: akajilipa kwenye spea. Gasketi aliyoniandikia elfu themanini nilikuja kuikuta dukani, boksi lilelile, rangi ileile, kwa elfu thelathini na tano. Hicho ndicho tunachokiita cha juu, na tunakitaja kwa hasira kana kwamba ni wizi uliotuvamia barabarani. Mimi naona cha juu ni mshahara uliokataliwa mlangoni ukaingilia dirishani.

Na cha juu chenyewe kingekuwa ni hela tu, ningesamehe. Tatizo ni kwamba kinachagua spea. Fundi anayejilipa kwenye spea lazima anunue ya bei ya chini kabisa, ndipo nafasi ya kuongeza iwe kubwa. Na lazima aruke hatua ambazo haziongezi kitu kwenye bei. Hedi yangu haikwenda kupimwa kwa presha. Ilisuguliwa msasa, ikafutwa kwa petroli, ikarudishwa. Gasketi haikuchaguliwa, ililetwa tu. Injini hii ya dizeli haina gasketi moja ya hedi. Zipo za unene tofauti, zimewekewa alama za herufi B, D na F, na inayofaa inajulikana kwa kupima jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku ikifika kileleni. Tofauti kati ya moja na nyingine haifiki unene wa ukucha, lakini ndiyo inayoamua kama injini itabana hewa ipasavyo au pistoni itakwenda kubisha hodi kwenye hedi. Nilipomuuliza fundi aliweka herufi gani, alinitazama kama nimemuuliza majina ya mitume.

Halafu akaing'oa thamostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto. Hili naomba nilisemee, kwa sababu limeua injini nyingi. «Hii ni ya nchi za baridi, bosi, huku kwetu joto.» Kila mtu ameshaambiwa hivyo. Lakini kwenye Toyota nyingi thamostati ina kazi mbili: ikifunguka kuruhusu maji yapite kwenye rejeta, upande wa pili inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye tambarare hutaona kitu. Ukianza kupanda mlima na mzigo, sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani kwa ndani, na wewe unalaumu rejeta.

Wiki tatu baadaye gari lilichemka tena, safari hii Chalinze, tambarare kabisa.

Fundi wa pili ni mzee wa Tabata, mtu wa maneno machache. Alisema: «Ufundi wangu laki nne, sishushi. Spea kanunue mwenyewe, lakini sifungi kitu hujanionesha.» Nikafungua mdomo kubembeleza, nikakumbuka Chalinze, nikaufunga. Akachana kipande cha boksi la oili, akaniandikia kwa kalamu ya risasi vitu kumi na moja. Hedi tuliipeleka wote wawili kwenye karakana ya kuchonga. Waliiziba matundu, wakaijaza hewa, wakaizamisha kwenye maji ya moto. Tulisimama pale tukiangalia. Kwa kama dakika moja kimya, kisha kwenye silinda ya tatu vikaanza kutoka viputo vidogo, kimoja kimoja, kwa mstari, kama samaki anapumua. Mzee akasema «haya», akawasha sigara. Hedi imekufa.

Ndipo nikaingia mwenyewe Gerezani, eneo la maduka ya spea hapa Dar.

Asiyeijua Gerezani ajue kwamba hapo hutafuti spea, spea zinakutafuta wewe. Hujashuka vizuri kwenye bajaji, winga ameshakushika bega: «Kaka, unatafuta nini? Orijino ipo, njoo.» Sina ugomvi na mawinga, nao wanatafuta riziki, lakini winga hana duka, anakuingiza kwenye duka ambalo leo linampa kamisheni nzuri. Nilizunguka maduka sita siku ya kwanza bila kununua kitu. Nilikuwa natega sikio jambo moja tu: swali la kwanza la muuzaji ni lipi. Watano waliuliza, «Unataka ya bei gani?» Wa sita, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza, «Chesisi namba unayo?»

Nilikaa kwake. Namba ya spea za Toyota ina tarakimu kumi, tano za mwanzo zikikwambia ni kitu gani: 11101 ni hedi, 13568 mkanda wa taimingi, 16100 pampu ya maji. Tano za mwisho ndizo zinazotofautisha injini na injini. Muuzaji anayefanya kazi kwa chesisi namba anakupatia spea ya gari lako. Anayefanya kazi kwa «ya Prado hii hapa» anakupatia ya Prado ya mtu mwingine.

Yeye ndiye aliyenifundisha jambo lililoniokolea hela kuliko kubembeleza kokote. Toyota hawatengenezi kila kitu wenyewe. Pampu za maji nyingi wanatengenezewa na Aisin, pampu ya dizeli na nozo zinazopuliza dizeli kwenye injini zinatoka Denso. Kwa hiyo ukinunua pampu ya maji kwenye boksi la Aisin lenyewe, mara nyingi umenunua kitu kilekile bila kulipia nembo. Siyo lazima iwe jenuini yenye boksi la Toyota, na siyo lazima ukimbilie ya bei ya pipi. Kati ya hapo kuna nafasi pana. Shida ni kwamba majina hayohayo ndiyo yanayoghushiwa, kwa hiyo boksi pekee si ushahidi. Nenda na kifaa cha zamani. Kiweke kaunta kando ya kipya, vigeuze vyote viwili, angalia chuma kilivyomalizwa pembeni, pima uzito kwa mikono. Feki huwa nyepesi, na maandishi yake yana haraka.

Mtumba je? Mlango, taa, gia boksi, difu, hata kompyuta ya gari, sina neno. Mzigo unaokuja kupitia Sharjah umetuvusha wengi. Hedi ya mtumba ya 1KZ siinunui hata nipewe na soda. Kwa nini ilitolewa kwenye gari lake? Na gasketi, sili, mkanda, beringi na pedi za breki za mtumba wamuuzie adui yangu.

Thamostati mpya niliipima nyumbani. Imegongwa namba 82, maana yake karibu na nyuzi 82 inatakiwa ianze kufunguka. Niliifunga uzi, nikaining'iniza kwenye sufuria la chai. Mke wangu alisimama mlangoni mikono kiunoni, hakuuliza. Maji yakatoa moshi, yakachemka, yakatokota, kitu kimefunga vilevile. Nikajua nimepigwa, tena na mzee niliyemsifia kwa kila mtu.

Kwenye risiti nyingi za Gerezani kumechapwa maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Mzee aliigeuzageuza, akamwita kijana: «Lete nyingine kwenye boksi lile, na birika.» Tukachemsha maji kwa birika la umeme pale kaunta, wateja wanatuangalia. Ya pili nayo ikagoma. Akalisukuma boksi zima chini ya meza, akafungua la kampuni nyingine, hiyo ikafunguka taratibu kama jicho. Hakuniongeza bei. Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mtu mwingine spea ya dizeli. Kila duka litauziwa mzigo mbaya siku moja. Kinachonihusu mimi ni birika. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, aliniandikia na namba ya spea juu yake, bila kuniambia ile ya «ukitaka risiti bei inabadilika».

Ndugu zangu wa Songea na Sumbawanga mtasema haya ni ya watu wa Dar. Ni kweli, nyinyi mnatumiwa picha kwa WhatsApp na spea inakuja kwa basi. Basi tumeni chesisi namba, na mtake picha ya kifaa chenyewe nje ya boksi, upande wenye namba.

Mtu atasema pia kwamba mwenye gari hajui spea, fundi ndiye anayejua, kwa nini tumnyime cha juu? Simnyimi. Nasema kiwe mezani. Siku mzee wa Tabata aliponisindikiza Gerezani kuchagua nozo nilimlipa siku nzima, pamoja na chakula cha mchana. Zile za zamani alizipima kwenye mashine mbele yangu, mbili zinakojoa badala ya kupuliza. Aliniambia pampu ya dizeli ya aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo mafuta yaliyochanganywa na ya taa yanaikausha. Kuanzia 2011, Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya kuchakachua ilipungua sana, ila mimi bado najaza kituo kimoja, na kila mwezi nafungua koki chini ya filta ya dizeli kumwaga maji.

Alinionesha pia taa ndogo ya T-BELT kwenye dashibodi, inayotakiwa kuwaka kila kilomita 100,000 kukumbusha mkanda wa taimingi. Yangu haikuwaka hata unapofungua swichi. Mtu alichomoa balbu. Mkanda wenyewe ulipotolewa ulikuwa na nyufa kama kisigino.

Gari sasa lina mwaka na nusu tangu litoke kwa mzee wa Tabata, limepanda Kitonga mara tatu. Mara ya mwisho, mwezi uliopita, tulisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, na kabla ya kupanda nikafungua boneti kusikiliza. Feni inazunguka lakini haivuti kama zamani. Nadhani kiungo chake cha mafuta kimechoka. Nimeshakifungua na kukizungushia gazeti. Jumamosi nakipeleka kwa mzee wa miwani, kisha Tabata, na bei ya ufundi nimeshaambiwa.