Alipie ili Atumike? Walezi Wanagenzi wa Kambi za Kiangazi Marekani

Katika kambi nyingi za kiangazi Marekani, wanakopelekwa watoto wakati wa likizo, yupo kijana ambaye si mtoto wa kambi tena, wala hajawa mfanyakazi. Ana miaka kati ya 15 na 17. Tumwite mlezi mwanagenzi: anafuta meza baada ya chakula, anabeba makasia, anakaa karibu na mlezi mkubwa aone watoto wanavyotulizwa usiku. Mara nyingi halipwi. Wazazi wake ndio wanaolipa, ili afunzwe uongozi.

Msomaji wa Tanga ataguna: kwetu binti wa miaka 15 ameshalea wadogo zake bila ada wala cheti. Kweli. Lakini hao anawajua tangu kuzaliwa, na mama yupo jikoni. Kambini anakabidhiwa watoto wa watu. Mmoja wa miaka 9 anaamka saa nane usiku, analia anataka kwao, na godoro limelowa. Abadilishe shuka kimyakimya wenzake wasije wakamcheka, au amwamshe mlezi? Hilo halifundishiki ubaoni. Hata Frederick Gunn, ambaye kambi yake ya 1861 huko Connecticut hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza Marekani, alikuwa mwalimu mkuu aliyewatoa wanafunzi darasani akawapeleka ufukweni kwa miguu.

Wanaolalamika kwamba kijana analipia ili atumike nao wana hoja, tena nzito. Sheria ya kazi ya shirikisho tayari inaziondolea kambi zisizofunguliwa zaidi ya miezi 7 kwa mwaka wajibu wa kulipa kima cha chini cha mshahara. Chini ya mlezi ambaye huenda analipwa kiduchu, anawekwa mwingine anayelipa ili afanye kazi! Na kwa kuwa ada inatangulia, kijana wa wazazi wasio na uwezo anabaki mjini akiuza aiskrimu. Mshahara anapata, jina la kiongozi hapati, ingawa sina hakika ni nani kati yao anayejifunza watu zaidi.

Kwangu mimi jibu limo katika hesabu. American Camp Association, chama kinachopima ubora wa kambi, kinataka kambi za kulala ziwe na msimamizi mmoja kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 14. Msimamizi huyo awe na miaka 16 au zaidi, na awazidi watoto kwa angalau miaka 2. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anaweza kuingizwa katika hesabu hiyo ya wasimamizi. Mzazi aulize: mwanangu ni mmoja wa wasimamizi mnaowahesabu? Kama ndiye, asipokuwepo kambi italazimika kuajiri mtu. Hiyo ni kazi, alipwe. Kama siye, na akikosea yupo mkubwa wake pale pale wa kurekebisha, basi ada ile ni ya shule, na mimi ningeilipa. Ila swali liulizwe wakati wa kujiandikisha, kabla malipo ya kwanza hayajatoka.