Mwalimu hodari wa Hisabati akipewa ukuu wa shule

Katika sekondari nyingi za serikali hapa Tanzania, njia ya kwenda ofisi ya mkuu wa shule huanzia ubaoni. Mwalimu anafundisha vizuri, matokeo ya somo lake yanapanda, jina lake linamfikia ofisa elimu, na siku moja barua ya uteuzi inaingia. Wenzake wanampongeza. Wiki inayofuata kidato cha nne hakina mwalimu wa Hisabati, somo ambalo mwaka hadi mwaka robo tatu hivi au zaidi ya watahiniwa wa kidato hicho hufeli.

Utaratibu huu una watetezi na una wapinzani, na pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyosikika wakati wa chai ya saa nne. Wala si wa walimu peke yao. Kiwandani fundi bora ndiye anayepewa usimamizi wa zamu, na kwenye zahanati tabibu anayesifiwa na wagonjwa ndiye anayegeuzwa mganga mfawidhi. Nimechagua shule kwa sababu huko hasara haijifichi: inabandikwa ukutani kila matokeo yanapotoka.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe, maana wengi bado wanamwona mkuu wa shule kama mtu wa kusimama mbele ya gwaride asubuhi. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Sehemu yake hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu na inayosalia huingia kwenye akaunti ya shule, pamoja na fidia ya ada ambayo wazazi hawalipi tena. Mkuu ndiye anayejibu mkaguzi akifika. Kisha ukaja mwaka 2021, nchi ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, 12,000 kati yake ya sekondari, kila moja kwa shilingi milioni 20 na kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuwalipa mafundi badala ya kumpa kazi mkandarasi. Mtu aliyesomea Fizikia na Hisabati akajikuta anahesabu nondo na mifuko ya saruji, anapatana bei na mafundi wa mtaani, huku kamati ya mapokezi ikisubiri lori la mchanga lifike.

Hata hivyo saruji haibishi. Ugumu wa kazi hii uko kwa watu.

Angalia daftari la mahudhurio. Katika shule nyingi, muda wa kuripoti ukipita, mkuu huchora mstari mwekundu, na anayechelewa husaini chini yake. Kuchora mstari hakuhitaji kipaji chochote. Kipaji kinahitajika siku ya tatu mfululizo mwalimu yuleyule anaposaini chini ya mstari. Mkuu mmoja humwandikia barua ya kudai maelezo, akaweka nakala kwenye faili, na kuanzia siku hiyo mwalimu anafika mapema, anasaini juu ya mstari, kisha anakaa chumba cha walimu mpaka kengele ya kutoka huku vipindi vikipita. Mkuu mwingine humwita ofisini, haanzi na daftari, anamuuliza nyumbani kuna nini. Akiambiwa kwamba mama anaumwa na dada wa kazi ameondoka, anamwomba mwalimu wa taaluma asogeze kipindi chake cha kwanza kwa mwezi mmoja, na anamwambia wazi kwamba mwezi ukiisha mambo yatarudi yalivyokuwa. Halafu kweli anayarudisha. Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi wenye moyo mwema wanaposhindwa, na wapole wanaharibu shule kama wakali wanavyoiharibu.

Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa kufaulisha Hisabati. Hapo wapinzani wa utaratibu wa sasa wana haki. Mwaka 2019 wanauchumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti wa watu wa mauzo katika kampuni 131 za Marekani. Waliouza sana ndio waliopandishwa vyeo zaidi. Lakini kati ya waliopandishwa, wale waliokuwa vinara wa kuuza ndio ambao timu zao zilifanya vibaya zaidi baadaye. Waliokuwa wamezoea kushirikiana na wenzao katika mauzo ndio waliotokea kuwa wasimamizi wazuri. Kampuni zilikuwa na taarifa hizo mkononi, zikaamua kutazama mauzo ya mtu mmoja mmoja.

Sababu si ngumu kuziona ukiwa shuleni. Mwalimu hodari mara nyingi haelewi kwa nini mwenzake anashindwa jambo ambalo yeye alilifanya bila kufikiri. Akiona kidato cha pili hakijamaliza mada, hamwiti mwalimu wa somo wakapanga. Anachukua chaki akaingia mwenyewe. Wanafunzi wanafurahi kwa wiki mbili. Mwenye somo anajua sasa kwamba akizembea, mkuu atamfundishia.

Upande wa pili nao tuusikilize vizuri, kwa kuwa hoja zake hupuuzwa na watu wa semina za uongozi. Kwanza ni heshima. Mwalimu anayesikia andalio lake la somo likikosolewa na mtu ambaye vipindi vyake mwenyewe vilikuwa vinajulikana shule nzima kwa kudorora, atainamisha kichwa ofisini na kucheka akifika chumba cha walimu. Utafiti wa Benjamin Artz, Amanda Goodall na Andrew Oswald uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Uingereza, ulionyesha kwamba watu huridhika zaidi na kazi zao pale bosi anapoijua kazi yenyewe, na pale ambapo angeweza kuifanya kazi ya aliye chini yake ikibidi. Anayedai kwamba meneja mzuri anaweza kuongoza chochote, leo shule na kesho kiwanda cha sabuni, ana kazi ya kuyajibu matokeo hayo.

Hoja ya pili ya watetezi ndiyo inayonipa shida zaidi. Ukiacha kutazama matokeo ya mwalimu, utatazama nini? Tunaishi hapahapa na tunajua. Ukisema vyeo vigawiwe kwa "sifa za kiongozi", umefungua mlango kwa kujuana, kwa ukabila, kwa anayembebea ofisa mkoba na anayejua kushukuru. Alama za somo hazimjui mtu. Zikiwa kipimo kibaya cha uongozi, angalau hazinunuliki kirahisi, na zinawapa walimu sababu ya kujituma. Wanaolilia vigezo vya "haiba" wajue wanachokiomba.

Kuna wanaodhani mafunzo yatamaliza ubishi. Tunacho chombo cha kazi hiyo: ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, kilichoko Bagamoyo, kinachotoa stashahada ya uongozi na usimamizi wa elimu pamoja na kozi fupi kwa wakuu wa shule. Mafunzo hayo yana faida ambayo haifai kubezwa. Mkuu asiyejua taratibu za utumishi humwadhibu mwalimu mkosaji kwa hasira, akaruka hatua, na shauri likaanguka kwenye rufaa ingawa kosa lilikuwepo. Mkuu asiyejua mfumo wa malipo huandikiwa hoja za ukaguzi kwa fedha ambazo hakula. Mambo haya yanafundishika darasani, tena kwa muda mfupi.

Kinachonitia shaka ni kuifanya kozi iwe tiketi. Uingereza walijaribu: kuanzia mwaka 2009 anayeanza ukuu wa shule za umma alilazimika kuwa na cheti maalumu cha kitaifa cha ukuu wa shule. Mwaka 2012 ulazima ukaondolewa na cheti kikabaki kwa anayetaka. Huku kwetu mtego ungekuwa mkubwa zaidi. Cheti kikishakuwa lazima, kitatafutwa kwa ajili ya faili, na mwalimu wa Bagamoyo au wa Dar atakipata kabla ya mwalimu wa Kakonko ambaye nauli peke yake inamtoa jasho. Isitoshe, mengi tunayoyaita mafunzo huja mtu akiwa ameshateuliwa, tena kwa siku mbili tatu za ukumbini, vitini vinagawiwa, posho inasainiwa, na Jumatatu mkuu anarudi kwenye mstari wake mwekundu.

Mimi naona tunabishana kuhusu kipimo cha mtu peke yake wakati kipimo kinachofaa kiko idarani mwake. Kabla ya kumwandikia mwalimu wa Hisabati barua, mtu aulize: walimu waliofanya kazi chini yake kama mkuu wa idara wako wapi? Yule kijana aliyeripoti kwa ajira ya kwanza miaka mitatu iliyopita, akawa anapigiwa kelele na kidato cha tatu, sasa anasimama mwenyewe? Mikondo isiyofundishwa na huyo hodari inakwendaje? Kama A zote ziko kwenye mkondo wake na mikondo mingine imelala, huyo ni mwalimu wa kumtunza darasani kwa gharama yoyote. Kama mikondo yote imenyanyuka, ongea naye kuhusu ukuu. Kipimo hiki kinatazama matokeo, kwa hiyo wanaoogopa kujuana wanabaki na tarakimu zao. Kinatofautiana na cha sasa kwa kuwa tarakimu zenyewe ni za watu wengine.

Kinagota mahali, najua. Kuna sekondari za kata zenye mwalimu mmoja tu wa Hisabati, yaani idara nzima imekaa kwenye kiti kimoja. Huko itabidi kutazama namna alivyobeba zamu, bweni, kamati ya mitihani. Ushahidi utakuwa mwembamba zaidi, na ofisa elimu atalazimika kwenda kuuliza watu badala ya kusoma jedwali.

Halafu kuna nafasi ya makamu mkuu wa shule, ambayo kwa maoni yangu ndiyo chuo tunachokipoteza. Katika shule nyingi makamu ni mtu wa kukaimu mkuu akiwa safarini na kusuluhisha ugomvi wa ratiba. Akaunti haioni. Mwalimu anapoitwa kujieleza, yeye yuko nje ya mlango. Siku akiteuliwa, anakutana na kila kitu kwa mara ya kwanza. Mkuu anayetaka kulea mrithi angemwachia kikao cha walimu akiongoze mwanzo hadi mwisho, yeye akae nyuma anywe maji, asirekebishe kitu mbele ya watu. Angemkalisha kwenye mazungumzo magumu asikilize, na mara ya pili amwachie ayaendeshe. Angemwandalisha bajeti ya robo mwaka kisha amuulize kila mstari. Wakuu wengi hawafanyi hivyo, na uvivu si sababu. Mkuu anayemwonyesha makamu akaunti anahisi amempa mtu fimbo ya kumchapia.

Nyuma ya yote hayo iko hela. Kwenye karatasi mwalimu wetu anaweza kupanda daraja bila kushika ofisi yoyote, na huo ni mpango mzuri ambao nchi nyingi hazina. Lakini daraja husubiriwa, na kuna miaka ambapo upandishaji ulisimama kabisa. Posho ya madaraka ya mkuu wa shule, shilingi 250,000, hufika kila mwezi. Mwenye watoto wanaosoma ataikataa kwa sababu gani, hata akijua kwamba kazi ya kusimamia watu haiwezi na haipendi? Ukitaka mwalimu bingwa wa Hisabati abaki ubaoni kwa hiari yake, mpe ubingwa huo thamani inayoonekana kwenye hati ya mshahara. Wito pekee haulipi kodi ya nyumba.

Linabaki jambo ambalo hatulizungumzi. Aliyejaribu ukuu akashindwa hana mlango wa kutokea. Neno letu kwake ni moja, kwamba "amevuliwa madaraka", na kijijini wanajua kabla barua haijamfikia. Anahamishiwa shule ya mbali, anafika akiwa na kinyongo, na Hisabati aliyokuwa akiifundisha kwa raha anaifundisha akitazama saa. Kwa hofu hiyo ofisi ya elimu humwacha mkuu mbovu akae miaka minane, na mwenyewe hathubutu kusema kazi imemshinda. Uteuzi ungekuwa wa miaka miwili ya kukaimu kwa kila mtu, bila kujali sifa zake, na mwisho wake pande zote mbili zikaulizwa kama ziendelee, mwalimu angeweza kusema hapana na kurudi kwenye vipindi vyake katika shule ileile, bila mtu kutafuta alichoiba.