Siamini uzi mpaka niutie karaini

Muuza nyuzi aliniapia: "Sufu tupu hiyo dada, wallahi." Nikaamini. Nikafuma mkoba wiki tatu, mkubwa makusudi, maana sufu ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa sana hurudi, ikashikamana ikawa felti: vitanzi havionekani, na hata ukiikata kwa mkasi haifumuki. Nikauponda karaini nusu saa nzima. Ukatoka vile vile, safi, mrefu kama gunia la makaa. Wifi yangu, mwenye zawadi, alicheka hadi akakaa chini.

Hapa Mombasa jina la uzi halikusaidii. Kila uzi mnene wenye manyoya ni "wuli", hata ule wa kusukia nywele, ambao kwa kawaida ni akriliki. Na akriliki ni jamii ya plastiki; utaifua hadi kiama.

Siku hizi najaribu papo hapo dukani. Naomba vipande viwili, nachambua ncha zake, nazilowesha mate (mwenye kinyaa atumie maji), nazisugua viganjani mpaka viganja viwake moto. Zikishikana zikawa uzi mmoja, natoa pesa. Zikiachana, nashukuru na kwenda zangu.

Wengine husifia moto. Kweli, sufu ikichomwa hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni, na akriliki huyeyuka ikaacha donge gumu. Lakini moto hukuambia ni sufu, basi. Unyoya wa sufu una magamba madogo mno, na hayo ndiyo yanayong'ang'aniana kwenye maji moto, sabuni na msuguano. Iko sufu halisi ambayo magamba yake yametiwa dawa au kufunikwa kiwandani, ili sweta lifuliwe kwa mashine bila kurudi. Hiyo itanuka nywele vizuri kabisa, na utabaki na gunia lako. Lebo ikikwambia uzi unafulika kwa mashine, uache kwenye rafu.

Ninapogombana na wenzangu ni kwenye kipande cha majaribio. Wao wanaona ni kupoteza uzi. Mimi nafuma sentimita 15 kwa 15, kwa sindano nene ili vitanzi vilegee, napima, naandika, ndipo nafua. Mara nyingi urefu hupungua kuliko upana. Usipojua hilo mapema, mkoba wa mraba utatoka bapa. Kila rangi naipa kipande chake, kwa sababu nyeupe huweza kugoma pale nyeusi ilipokubali. Tena nangoja maji ya mfereji. Kisima chetu kina chumvi, sabuni haitoi povu hata uisihi.

Kipande cha juzi kilitoka upana 12, urefu 10. Sasa nakitumia kushikia sufuria ya moto, na wifi ameshaanza kuulizia mkoba wake.