"Mafuta yako yako sawa"

Hakuna kauli inayonikera kliniki ya kisukari kama hiyo. Karatasi ya maabara inasoma LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, 2.7 mmol/L, pembeni pameandikwa kawaida ni chini ya 3.4, mgonjwa anaambiwa yuko sawa, anakunja karatasi anaondoka. Mistari mingine haikusomwa.

Tuisome basi. Kolesteroli jumla 5.2, HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, 0.8, trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 3.8. Hiyo LDL mara nyingi haipimwi, inakokotolewa: jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Ni kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972. Trigliseridi zikipanda, kanuni inayumba na huelekea kuionyesha LDL ndogo kuliko ilivyo, zikivuka 4.5 haifai kabisa. Na trigliseridi za juu ndizo desturi ya kisukari cha aina ya pili.

Kubwa zaidi ni hili: LDL hiyo inakupa kiasi cha kolesteroli iliyobebwa, haikupi idadi ya chembe zilizoibeba. Lita 20 za mafuta ya kula hukaa kwenye dumu moja, au kwenye chupa 40 za nusu lita. Kinachopenya ukuta wa mshipa na kunasa humo ni chombo, na vikiwa vingi vinanasa vingi. Insulini ikikosa kusikilizwa na mwili, ini linamwaga damuni chembe za VLDL zilizojaa trigliseridi. Humo ndani ya damu zinabadilishana mzigo na LDL na HDL: zinatoa trigliseridi, zinachukua kolesteroli. Kimeng'enya cha ini kinakata zile trigliseridi, LDL inabaki ndogo, imeshikana, na kolesteroli yake ni haba. HDL nayo inaondolewa upesi, ndiyo maana hapa iko 0.8. Kolesteroli ya LDL haijapanda, chembe zimejaa tele. Wapo wanaobishana juu ya udogo wa chembe. Idadi ndiyo inayoua.

Kipimo kinachohesabu chembe ni ApoB, maana kila chembe inayoziba mishipa hubeba protini hiyo moja tu. Hakipatikani kila maabara, nakubali. Lakini 5.2 toa 0.8 haihitaji mashine: ni 4.4, kolesteroli yote isiyo ya HDL. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2019 unaitaka chini ya 2.6 kwa mwenye hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo na mishipa, chini ya 2.2 kwa mwenye hatari kubwa mno. Huyu ana 4.4, na ameruhusiwa kwenda nyumbani! Kama karatasi yako ni ya mg/dL, 2.6 ni sawa na 100. Wala huhitaji kufunga kula ili upate namba hiyo.

Mayai yanalaumiwa bure hapa. Tazama vinavyopandisha trigliseridi: soda, chai ya vijiko vinne vya sukari, pombe, na sukari ya damu iliyoachwa juu miezi.

Statini, dawa za kushusha kolesteroli, hupandisha sukari kidogo, ni kweli. Lakini utafiti wa CARDS, 2004, uliwachukua watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili wasio na historia ya ugonjwa wa moyo. Waliopewa atorvastatin, mojawapo ya statini, miligramu 10 kwa siku walipungukiwa na matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 37. Usiiache kwa maneno ya jirani. Ukishaanza, pima tena baada ya wiki 4 hadi 12, na mbele ya daktari fanyeni pamoja hesabu ileile: jumla, toa HDL.